Lego za Sinema Zilizoacha Kutengenezwa: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Pwani ya Kusini

Ukipita kwa wauza mitumba wa Ukunda au Kongowea, utakuta vichezeo vya plastiki vimemwagwa juu ya turubai vikiuzwa kwa fungu. Vingi vimekwisha kazi: gari lisilo na magurudumu, mdoli aliyekatika mkono, roboti ambayo betri zimeozea tumboni. Lakini mara mojamoja katikati ya hayo huwa kuna vipande vya Lego vya sinema iliyotamba miaka kadhaa nyuma, na kidoli kimoja cha ukubwa wa kidole gumba kinaweza kuwa na bei kushinda fungu zima. Mwuzaji hajui, na mnunuzi naye aghalabu hajui.

Habari za namna hii ndizo zilizozaa maneno kwamba seti za Lego za sinema ni uwekezaji wa uhakika. Vijana wanauliza kama inafaa kumwagiza shangazi aliyeko Dubai aje na boksi mbili tatu, wazifungie kabatini, wauze baada ya miaka mitano. Makala haya ni ya mkazi wa Lunga Lunga, Vanga, Msambweni au Diani anayetaka kujua ukweli wa jambo hilo kabla hajatoa shilingi yake. Kwa kifupi, faida ipo, ila kwa mtu wa huku haiko kwenye boksi jipya la kuagiza. Iko kwenye vitu ambavyo tayari vimefika pwani na vinapita mikononi mwetu bila kutambuliwa.

Tuanze na kinachozipandisha bei. Kampuni ya Lego ilianzishwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Billund, Denmark, na fundi seremala Ole Kirk Christiansen, na tofali lake la kushikana kama tunavyolijua leo lilisajiliwa Januari 1958. Kwa miaka mingi kampuni ilitengeneza majumba, magari na meli za kubuni yenyewe. Mwaka 1999 ndipo ilipotoa seti za kwanza za Star Wars kwa leseni, kisha Harry Potter mwaka 2001, na nyingine zikafuata. Leseni maana yake ni kwamba mwenye sinema anamruhusu mwenye kiwanda kutumia wahusika wake kwa malipo na kwa muda. Seti ya kawaida hukaa madukani kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili, nyingine zaidi, halafu kiwanda kinaacha kuitengeneza. Kuanzia hapo idadi iliyoko duniani haiongezeki. Kila mtoto anayefungua boksi, kila nyumba inayohama na kutupa, zinaipunguza. Wanaoitaka, hasa watu wazima waliokua na sinema ile, hawapungui kwa kasi hiyo.

Watafiti wawili wa Urusi, Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova, walichunguza bei za seti zaidi ya 2,300 zilizotoka kati ya 1987 na 2015, wakakuta kwamba kwa wastani seti iliyoacha kutengenezwa ilipanda kama asilimia 11 kwa mwaka. Takwimu hii ndiyo inayozungushwa sana. Lakini wastani huo umekusanya pamoja seti zilizopoteza nusu ya thamani yake kwa mwaka na nyingine zilizopanda mara kadhaa. Tena bei hazikuanza kupanda siku ile seti ilipotoka rafuni. Kwa kawaida ilichukua miaka miwili au mitatu.

Sasa igeuze hesabu hiyo kuwa shilingi. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Aliyenunua boksi la dola 100 mwanzoni mwa mwaka alitoa kama shilingi 16,000. Hata kama lingepanda asilimia 15 na akaliuza dola 115, angepata shilingi 14,835. Ameshinda kwa dola, ameshindwa kwa shilingi, na hapo hatujahesabu nauli wala ushuru. Mwezi Februari mwaka huohuo Benki Kuu ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu yenye riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, isiyokatwa kodi. Riba kama hiyo haipatikani kila siku, lakini hatifungani haili nafasi nyumbani, haiogopi panya, na siku hizi hununuliwa kwa simu kupitia mfumo wa DhowCSD. Yeyote anayekushawishi uweke akiba yako yote kwenye vichezeo, mwulize kwanza kama aliwahi kuifanya hesabu hii.

Hatari nyingine ni kiwanda chenyewe kubadili mawazo. Mwaka 2007 Lego ilitoa chombo cha Millennium Falcon cha Star Wars, seti namba 10179, kwa bei ya dola 499.99. Kilipoacha kutengenezwa, boksi lililofungwa likafikia maelfu ya dola, na watu wakaliona kama mali isiyoshuka. Mwaka 2017 kampuni ikatoa kingine kikubwa na kizuri zaidi, namba 75192, chenye vipande 7,541, kwa dola 799.99. Bei ya kile cha zamani ikaporomoka, maana wengi waliokuwa wakikitaka walitaka Falcon tu, si boksi la mwaka 2007. Anayenunua chombo au jumba maarufu la sinema ajue kwamba linaweza kutolewa upya wakati wowote, na hakuna wa kumfidia.

Vidoli ndivyo mara nyingi husimama imara zaidi, kwa sababu kampuni ikimrudia mhusika yuleyule humbadilisha sura, nguo au chapa, na mkusanyaji hutaka toleo la mwanzo. Mfano mzuri ni seti namba 10123 ya Star Wars ya mwaka 2003, Cloud City. Iliuzwa kama dola 100, na leo sehemu kubwa ya thamani yake imebebwa na kidoli kimoja, Boba Fett mwenye chapa kwenye mikono na miguu.

Kwa Mkenya kuna jambo la karibu zaidi. Sinema ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, ikaonyeshwa Kisumu mwezi Februari kwa shangwe kubwa, Lego ilitoa seti namba 76100 yenye vipande 358 na vidoli vinne, kimojawapo Nakia, mhusika aliyeigizwa na Lupita Nyong'o. Miaka miwili kabla yake, seti namba 75139 ya Star Wars ilikuwa na kidoli cha Maz Kanata, ambaye pia aliigizwa na Lupita. Zote mbili ziliacha kutengenezwa siku nyingi. Sisemi zitakutajirisha. Ninachosema ni kwamba kama unataka kukusanya kitu chenye maana kwa mtu wa huku, anza na vidoli hivi. Ni vidogo, si vya bei ya kutisha, na Mkenya mwenzako aliyeko Nairobi au London atakielewa unachomwuzia.

Ukaguzi wa fungu

Hapa ndipo penye ustadi, kwa hiyo twende polepole. Umechuchumaa mbele ya turubai, mbele yako kuna mchanganyiko wa matofali ya rangi zote. Kwanza okota tofali moja na ulielekeze kwenye mwanga. Juu yake kuna vinundu vya mviringo, na kwenye kila kinundu cha tofali halisi kuna neno LEGO kwa herufi ndogo zilizoinuka. Si kwenye kimoja. Kwenye kila kimoja. Kama vinundu ni vitupu au vina jina jingine, hiyo si Lego, hata kama boksi linafanana. Kisha shikanisha matofali mawili na uyaachanishe. Yaliyo halisi huingia kwa mgandamizo wa wastani na kutoka bila kupigana nayo. Bandia ama hulegea yakaanguka yenyewe, ama huganda mpaka utumie meno. (Usitumie meno hata kwa yaliyo halisi, alama za meno hushusha bei, na vipande vingi vya mitumba vinazo.)

Bandia si jambo dogo. Kampuni ya Lepin ya China iliiga seti za Lego za sinema moja baada ya nyingine, kuanzia chapa ya boksi hadi mpangilio wa vipande, mpaka polisi walipoivamia mwaka 2019. Mwaka uliofuata mahakama ya Shanghai ikamfunga kiongozi wake miaka sita. Bidhaa zake hazikutoweka duniani siku hiyo. Nchini Kenya, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 humkamata mwenye kuuza, na kujitetea kwamba ulinunua mitumba bila kujua si jambo la kuliwekea matumaini.

Kidoli kiangalie kwa sehemu zake. Kifua kwanza: chini ya kwapa mara nyingi huanza ufa mwembamba kama uzi, ambao hauonekani mpaka ukigeuze. Viganja vishike silaha au chombo bila kulegea. Chapa ya uso na nguo isiwe imekwaruzwa. Kisha tafuta kilichokosekana: nywele, kofia, koti la kitambaa, kifaa cha mkononi. Vitu hivi ndivyo hupotea kwanza, na kidoli kisicho navyo hupungua bei sana. Kwa hiyo ukikipata kidoli kizuri ndani ya fungu, usikimbilie kulipa kisha ukaondoka. Pekua fungu lote, maana nywele zake zaweza kuwa pale chini ya magari. Chunga pia vipande vya rangi ya kahawia na nyekundu iliyoiva vya miaka ya 2000 na kitu. Vinajulikana kwa kuvunjika kirahisi, hata ukivishika taratibu.

Kijitabu cha maelekezo kikiwapo kichukue, kwa sababu namba ya seti iko juu yake. Kisipokuwapo si mwisho wa dunia. Tovuti ya Lego hutoa nakala za vijitabu bure kwa seti za tangu katikati ya miaka ya 1990, na BrickLink, soko la mtandaoni ambalo Lego yenyewe ililinunua mwaka 2019, lina orodha ya vipande na vidoli vya karibu kila seti, pamoja na bei zilizolipwa kweli ndani ya miezi sita iliyopita. Zitazame hizo zilizolipwa. Bei anayoitaka mwuzaji ni ndoto yake tu, na wengi hudanganyika kwa kuitazama hiyo.

Mitumba si chimbuko la pekee. Diani ina Wazungu wengi wanaokaa miaka wakiwa na watoto, halafu wanarudi kwao na kuuza vitu vya nyumba kwa siku chache. Atakayekuwa na taarifa za uuzaji huo, kwa kawaida mlinzi wa geti, dada wa kazi au fundi wa bustani, ndiye atakayefika kabla ya wengine. Nunua kwa bei ya haki. Ukijua kitu kina thamani na mwenye kukuuzia ni mfanyakazi aliyepewa zawadi, mwambie. Mji wetu ni mdogo na habari hutembea.

Chumvi, jua na mchwa

Plastiki ya Lego ni ngumu na hudumu miongo. Kinachoiharibu ni mwanga wa jua na joto. Matofali meupe, ya kijivu na ya buluu hugeuka manjano yakikaa dirishani, na hiyo manjano hairudi kwa sabuni. Nyumba nyingi za huku zina paa la bati, na mchana wa Februari dari huwa tanuri, kwa hiyo darini si mahali pa kuhifadhi. Sakafuni nako si mahali: wakati wa masika unyevu hupanda kutoka kwenye simenti na boksi hulainika, na mchwa hupenda karatasi ngumu.

Tumia kontena la plastiki lenye kifuniko, liwe kwenye rafu ya ukuta wa ndani usiopigwa na jua wala upepo wa bahari. Weka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba, na uvibadilishe kila msimu. Boksi lisilofunguliwa lisibebeshwe mzigo juu, kwani kona ikibonyea bei imeshuka. Vipande vichafu vioshwe kwa mkono kwa maji yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni laini, vianikwe kivulini. Chapa za kubandika zisilowekwe. Betri zitolewe.

Na kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani, kontena liwe juu asipofika. Vichwa na nywele za vidoli hivi vinatosha kabisa kumziba koo.

Mpakani

Kituo cha mpaka wa Kenya na Tanzania cha Lunga Lunga na Horohoro ni cha pamoja: anayeingia Kenya hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili Lunga Lunga, anayekwenda Tanga hukaguliwa Horohoro. Wengi wetu tumezoea utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa hati nyepesi ya uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Hati hiyo ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Lego hutengenezwa Denmark, Hungaria, Cheki, Mexico, China na Vietnam, hivyo hata ukiinunua dukani Dar es Salaam ukiwa na risiti mkononi, haihesabiwi kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Itatozwa kama kitu cha kutoka nje: ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, na ada za uagizaji. Mzigo wa meli huhesabiwa kwa bei ya kununulia pamoja na nauli na bima, jambo linalowashangaza wengi waliotumiwa kago kutoka Ghuba.

Msafiri ana msamaha wa vitu vyake binafsi na zawadi, kwa kiwango ambacho huweza kubadilishwa. Waulize Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kabla hujasafiri. Shangazi akirudi kutoka Dubai na boksi moja la mtoto, hilo ni zawadi. Akirudi na boksi sita zinazofanana, hakuna ofisa atakayeamini. Aje na risiti, atamke alichonacho, alipe. Njia za panya ziko, sote tunazijua, lakini mzigo ukikamatwa huko unataifishwa wote, na kichezeo hakina faida ya kubeba hasara hiyo.

Kuuza ndiko kugumu

Watu hujadili kununua kwa siku tatu na kuuza kwa dakika moja. Boksi kubwa la Falcon likiwa Lunga Lunga halina mnunuzi Lunga Lunga. Kulipeleka Ulaya kunaweza kumeza faida yote, maana kampuni za usafirishaji hulipisha ukubwa wa boksi na si uzito wake tu. Kidoli kimoja huingia kwenye bahasha yenye sifongo na kwenda kwa gharama ya kawaida ya posta. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza vidogo.

Wateja wa karibu ni wazazi na wakusanyaji wa Mombasa na Nairobi. Piga picha mchana, bila chujio, ikionyesha ufa kama upo, na uandike namba ya seti. Kwa mnunuzi wa nje, malipo ya PayPal huweza kuhamishiwa M-Pesa, lakini toa kwanza makato ya soko, ya PayPal na ya kubadilisha fedha kabla hujajisifu kwa faida. Usitume kitu kabla pesa haijaingia, na picha ya ujumbe wa malipo si pesa.

Andika kila ununuzi: tarehe, namba ya seti, bei, nauli, ushuru, ulikonunua. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye biashara hii wengi wanaodhani wamepata faida hawajawahi kuandika nauli.

Kwa hiyo, boksi jipya la ng'ambo kwa ajili ya kungoja bei, kwa mkazi wa kawaida wa Kwale, mimi ningeliacha. Fungu la mitumba lililokaguliwa vizuri, kwa pesa ambayo hata ikipotea hakuna atakayelala njaa, hilo ningelinunua. Pesa ya ada na pesa ya chama zisiguswe kwa hili. Na kama tayari una Lego nyumbani, aliyoileta mgeni au ndugu miaka iliyopita, usinunue chochote bado: ikusanye mahali pamoja, itoe kwenye jua, tafuta namba yake, na uangalie watu waliilipia kiasi gani mwezi uliopita.